Gurudumu la umeme kinyumenyume: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Jumamosi asubuhi, kabla jua la Tabora halijakolea, huwa niko kwenye uwanja wa netiboli wa saruji karibu na nyumbani, Isevya, narudi kinyumenyume juu ya gurudumu la umeme. Watoto hukaa ukingoni, vijana wenye baiskeli husimama mguu mmoja chini, na kila mtu ana maelezo yake. Nimeyasikia mwaka mzima. Mengine niliyaamini na yakaniponza. Nayaandika hapa pamoja na yale niliyokuja kuyajua, ili atakayepata gurudumu lake kesho asipite nilipopita mimi.

Kwa ambaye hajawahi kukiona chombo hiki: ni tairi moja lililofunikwa ganda, lenye pedeli mbili za kukunja, moja kila upande. Pedeli hizo hazizunguki, ni za kusimamia tu. Mota imo ndani ya gurudumu lenyewe na betri ziko ndani ya ganda. Hakuna usukani wala breki ya mkono. Ukiegemea mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linapunguza mwendo, linasimama, na ukiendelea kuegemea linaanza kurudi. Mvumbuzi Shane Chen, wa mji wa Camas katika jimbo la Washington, Marekani, ndiye aliyelifanya lijulikane alipotoa lake aliloliita Solowheel mwaka 2011. Langu ni la inchi 16. Kaka alinitumia kutoka Dar es Salaam likiwa limeshatumika.

"Halina gia ya rivasi, utaliua"

Hii ndiyo ya kwanza kusikia, na huwa inatoka kwa watu wa pikipiki. Naielewa. Pikipiki ya kawaida haina rivasi, na bajaji ina gia yake maalumu ya kurudi. Mtu aliyezoea vyombo hivyo akiona tairi linageuza uelekeo ghafla anasikia meno ya gia yakisagana kichwani mwake.

Ndani ya gurudumu hili hakuna gia hata moja. Kuna nyaya zilizosokotwa na kuzungukwa na sumaku. Umeme ukipelekwa kwenye misokoto hiyo kwa zamu, gurudumu linazunguka. Zamu ikigeuzwa, linazunguka upande wa pili, basi. Kinachoamua ni sensa zinazopima mwinamo wa chombo mara nyingi sana kwa kila sekunde, na kazi yao ni moja tu: kusukuma tairi liende kule unakoangukia, lirudi chini yako. Hata ukisimama palepale umeshika mlingoti, tairi linakwenda mbele kidogo na kurudi kidogo bila kukoma. Maana yake mashine imejua kurudi nyuma tangu siku ya kwanza. Nilipoelewa hilo niliacha kuilaumu. Anayetakiwa kufundishwa ni mwili wangu.

Hata hivyo soma kijitabu cha chombo chako, au programu yake ya simu, uone kama mtengenezaji ameweka kikomo cha mwendo wa nyuma. Usikitafute kikomo hicho kwa mgongo wako.

"Ukirudi nyuma betri inajaa"

Watoto huniuliza hili kwa dhati kabisa, na mmoja aliniuliza kama kilomita nazo zinapungua. Kuna ukweli uliopinda hapa. Ukiwa unakwenda mbele na ukafunga breki kwa kuegemea nyuma, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kiasi kwenye betri. Ukishaanza kurudi, unatumia umeme kama kawaida. Na kwa kuwa breki inarudisha umeme, usishuke mteremko mrefu na betri iliyojaa pomoni, kwa sababu umeme huo hauna pa kwenda. Tabora ni tambarare, shida hiyo hatuna sana. Ndugu zetu wa Kigoma wanaoshuka kutoka Mwanga kwenda ziwani waizingatie.

Wapo pia wanaoshauri mtu ajifunze kwanza ile baiskeli ya gurudumu moja ya sarakasi, ya kukanyaga. Si lazima. Kwenye ile unajizuia mwenyewe usianguke mbele, nyuma na pembeni. Kwenye hii kompyuta inashughulika na mbele na nyuma, wewe unabaki na pembeni.

"Aliyeweza mbele ataweza nyuma, ni kugeuza tu"

Hii niliiamini kwa moyo wote. Nilikuwa tayari naendesha vizuri, naenda sokoni, naenda stesheni, napita chini ya miembe bila wasiwasi. Nikasema nyuma ni siku moja. Ilinichukua karibu miezi mitatu kufika hatua ishirini zilizonyooka.

Tazama mguu wako mwenyewe. Kifundo hakiko katikati. Kuanzia kifundo kwenda vidoleni ni kurefu, kwenda kisiginoni ni kufupi. Ukiegemea mbele una wenzo mrefu wa kukandamiza pedeli, na vidole vinasaidia kurekebisha kila kosa dogo. Ukiegemea nyuma una kisigino peke yake, kifupi, kisicho na vidole. Ndiyo maana mwanzoni gurudumu huonekana kama halisikii, halafu likakurupuka. Dawa niliyoipata ni kusogeza miguu yote miwili nyuma kidogo kwenye pedeli, upana wa kidole kimoja au viwili, na kukunja magoti kama mtu anayetaka kukalia kigoda lakini bado hajakifikia. Ukisimama wima kama mlingoti, utaanguka kama mlingoti.

Halafu kichwa. Kurudi nyuma kunataka utazame nyuma, na hapo ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko pengine popote. Kila nilipotazama nyuma kupitia bega la kulia, gurudumu lilipinda. Nikadhani pedeli imepinda, nikadhani uwanja umeinama. Nikamwita jirani yangu, fundi baiskeli, aje akague tairi. Hakuligusa tairi. Alinitazama mara tatu, kisha akasema: "Kichwa chako kinavuta bega, bega linavuta kiuno, kiuno kinavuta gurudumu. Tairi halina kosa." Alikuwa sahihi. Niliacha gurudumu nyumbani wiki nzima nikawa natembea kinyumenyume kwa miguu uwanjani, mikono miwili nimeinyoosha mbele kama nimebeba sinia, nikigeuza shingo tu. Sinia likiyumba, bega limeshafuata. Siku moja naangalia kushoto, siku nyingine kulia, maana shingo nayo ina upande inaoupenda.

Mengine ni subira. Unaanza kwa kubembea: umeshika mlingoti wa goli, nusu mita mbele, nusu mita nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Ukiweza kubembea mara ishirini bila kushika, safari ya nyuma unairefusha kidogo, ya mbele unaifupisha. Nilichora mistari kwa chaki, hatua moja kutoka mstari hadi mstari, na wiki tatu za kwanza sikuvuka mstari wa tano. Usiruke hatua ya kubembea. Asiyeweza kusimama na kuondoka tena bila kushuka hana pa kuanzia kurudi nyuma.

Mtu mwingine aliniambia nijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe ili lirudi kwa wepesi. Tairi gumu mno linarukaruka na kupinda kwa kila kijiwe, tena huko nyuma vijiwe huvioni. Laini mno nalo linakuwa zito kugeuka. Fuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na kijitabu chako, kisha rekebisha kidogo kidogo kwa uzito wako.

"Ongeza mwendo, utatulia"

Huu ndio ushauri ulionivunja mkono.

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Kwenda mbele, mwanafunzi anayekwenda polepole mno huyumba, na akiongeza mwendo kidogo anatulia. Nyuma pia, kujikokota mno kunayumbisha. Lakini fikiria namna ya kushuka. Ukipoteza mizani ukienda mbele unaruka chini na kukimbia hatua tatu nne mpaka mwili usimame. Nani anaweza kukimbia kinyumenyume hatua nne bila kuanguka? Mimi sikuweza. Nilianguka chali, nikatanguliza kiganja cha kulia, mfupa wa karibu na kifundo cha mkono ukapasuka, nikakaa na plasta wiki sita. Daktari alisema angenishonea na kichwa kama nisingekuwa na helmeti.

Kwa hiyo mwendo wa kurudi nyuma kwa anayejifunza uwe wa mtu anayetembea taratibu, usizidi hapo. Helmeti iwe inayofunika kisogo, na kamba ifungwe kidevuni. Ya bodaboda inafaa. Ile inayowekwa kichwani kwa ajili ya polisi bila kufungwa haifai kitu. Kinga za viganja zenye kipande kigumu ni muhimu kuliko za magoti, kwa sababu anayeanguka nyuma hutanguliza mikono. Na vaa suruali nene nyuma, kifandugu kikiumia utakumbuka kila unapokaa.

Mahali pia pana neno lake. Mchanga wa vichochoroni kwetu unameza tairi ghafla, na kwa kuwa huoni linapoingia, unashtukia uko chini. Saruji au lami isiyo na magari ndiyo shule nzuri. Majani huficha mashimo. Msimu wa maembe, kuanzia Novemba, simruhusu mtu yeyote ninayemfundisha kurudi nyuma chini ya mwembe mpaka tumefagia: kokwa moja tu chini ya tairi inatosha. Na usijifunzie barabarani. Huko nyuma yako kuna mtu ambaye hajui kama unarudi.

"Ni sarakasi tu, haina kazi"

Hapa ndipo ninapowapinga watu kwa nguvu zangu zote. Kisigino kinachokurudisha nyuma ndicho hichohicho kinachofunga breki. Kabla sijajifunza kurudi, breki yangu ilikuwa ya hofu: naegemea kidogo, naogopa kusimama kabisa, mwisho naruka. Sasa naegemea mpaka lisimame, kwa sababu najua hata likipitiliza na kuanza kurudi, niko nyumbani. Wakati wa mavuno ya maembe uliopita, baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ilitoka kichochoroni mbele yangu pale Ng'ambo. Nilisimama, nikarudi kama mita moja, mzee akapita na mkaa wake, nikaendelea. Sikuweka mguu chini. Mwaka mmoja kabla ningemvaa.

Nenda stesheni yetu siku treni inapopangwa. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja hapa ndipo mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza yanapoagana. Kichwa cha treni hurudi nyuma taratibu mno kuyafuata mabehewa, mtu amesimama chini akitoa ishara, mpaka vyuma vigusane. Hakuna anayeita ile sarakasi. Bila kurudi nyuma hakuna safari ya kwenda Kigoma.

"Kutembea kinyumenyume ni kumtakia mama mabaya"

Bibi alitukataza kabisa. Ukitembea kinyumenyume, alisema, unamchimbia mama yako kaburi. Wengi wa rika langu tulilelewa na neno hilo, na nilipoanza mazoezi, watu wazima wawili walinisimamisha kunionya, kwa upole, wakimaanisha kabisa. Sikuwacheka na siwezi kuwacheka. Nadhani bibi alikuwa na uwanja wenye moto wa kupikia upande mmoja na kisima upande mwingine, na wajukuu tisa, na hilo ndilo neno lililotuzuia kutumbukia. Ila mwelekeo wa nyayo za mtu hauna mkono katika uhai wa mwingine. Kinachoweza kumuumiza mama ni mtoto wake kuanguka bila helmeti.

Mama mwenyewe alinuna alipojua. Nilipofungwa plasta hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama nitarudi tena uwanjani, nikasema ndiyo, akauliza saa ngapi. Tangu hapo Jumamosi huja na kigoda chake, hukaa pale kwenye mstari wa tano wa chaki, kitenge mabegani kwa ubaridi wa asubuhi, na hunitazama nikimkaribia kwa mgongo.

"Bega, baba," huwa anasema. "La kulia limetangulia tena."