Tundu la sikioni na yanayopita humo

"Daktari, kwa hiyo mnamtoboa ngoma ya sikio?" Kliniki haipiti bila mzazi kuniuliza hivyo. Jibu ni ndiyo, tunaitoboa, kwa makusudi.

Mtoto akikaa na maji nyuma ya ngoma ya sikio kwa miezi 3 au zaidi, na usikivu umeshuka, tunaweza kumwekea kijibomba cha kupitisha hewa. Mtoto mdogo hupewa nusu kaputi kwa sababu hatatulia. Kwa hadubini nachana milimita 2 au 3, upande wa chini mbele, mbali na vifupa vya kusikia, kisha nafyonza. Kinachotoka mara nyingi si maji hata kidogo: kinavutika kama mlenda. Napachika kijibomba, basi. Dakika 15 hazifiki.

Nusu kaputi ina hatari zake, ndiyo maana tunang'ang'ania mtoto asile kwa muda wa saa 6 kabla ya kupewa. Bibi mmoja alimwonea huruma mjukuu, akampa uji alfajiri, tukaahirisha. Chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni.

Kijibomba hudondoka chenyewe, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 18, na tundu hujiziba. Kwa watoto wawili hivi katika mia haliz­ibi, na huenda tukalazimika kuliziba baadaye. Kovu jeupe huweza kubaki. Ni nadra kudhuru usikivu.

Mimi nahofia zaidi yanayofanyika nyumbani. Mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama: sasa vyote vina njia ya moja kwa moja hadi sikio la kati. Kibaya zaidi ni matone ya jentamaisini kutoka duka la dawa. Dawa hiyo ikipenya ndani huweza kuua chembe za kusikia, na hizo hazioti tena. Sikio likitoa usaha, jambo ambalo hutokea sana, tutakuandikia matone salama kama siprofloksasini. Vidonge mara nyingi havihitajiki.

Kuogelea juujuu baharini sikatazi. Kupiga mbizi nakataza, pamoja na kuzamisha kichwa kwenye beseni la maji ya sabuni.

Ukikikuta kijibomba kwenye mto asubuhi, usipaniki. Mlete mtoto siku ya kliniki, nitazame kama ngoma imeziba.