LSM: vituo vya ukaguzi ndani ya kerneli

Mkulima wa Tandahimba akishapeleka korosho ghalani kwa stakabadhi, gunia linabaki lake, lakini hawezi kwenda kulitoa kwa kuwa tu ni lake. Kuna kanuni iliyo juu ya mwenye mali. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza bila kanuni ya namna hiyo: mwenye faili aliamua nani asome na nani aandike, na root, akaunti ya msimamizi mkuu, ilipita karibu kila mahali. Programu yenye mamlaka ya root ikidukuliwa, kompyuta nzima imekwenda.

Mwishoni mwa 2000, NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitoa SELinux, mfumo wa usalama wa Linux, na 2001 ikaipeleka mbele ya watengenezaji wa kerneli, yaani kiini cha Linux. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakutaka kuifunga kerneli kwenye mfumo mmoja wa usalama wakati wengine nao walikuwa na yao. Akataka njia ya kuchomeka moduli (kipande cha programu) yoyote ya usalama. Ndipo ikaja LSM (Linux Security Modules), iliyoingia na toleo la 2.6 mwaka 2003.

LSM yenyewe haiamui kitu, na hapo ndipo wengi huchanganya. Ni vituo vya ukaguzi vilivyotawanywa ndani ya kerneli, kila kimoja kikikaa hapo hapo kabla ya kitu kuguswa: faili kufunguliwa, soketi (njia ya mawasiliano ya mtandao) kuunganishwa, programu kuanzishwa. Ruhusa za kawaida hupimwa kwanza. Zikikataa, shauri limekwisha. Zikikubali, moduli inaulizwa. Ikijibu sifuri kazi inaendelea, ikirudisha kosa programu inazuiwa, hata ikiwa ya root. Moduli hubana tu, haimrudishii mtu ruhusa aliyokwisha kunyimwa.

SELinux hubandika lebo kwenye mafaili na programu zinazoendeshwa. AppArmor, inayotumika kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), hutazama njia ya faili, yaani mahali lilipo, na kanuni zake, kwa maoni yangu, zinasomeka kwa urahisi zaidi. Landlock, iliyoingia na toleo la 5.13 mwaka 2021, huiwezesha programu ya kawaida kujibana yenyewe bila kumsubiri msimamizi.

Simu ya Android unayonunua Mtwara mjini leo inalindwa na SELinux. Tangu Android 5.0 inasimamia mfumo mzima. Kwenye kompyuta ya Linux, soma /sys/kernel/security/lsm uone moduli zinazofanya kazi.

Kuna mafundi ambao seva ikigoma kidogo tu, wanaizima SELinux. Ni uvivu. Katazo huandikwa kwenye /var/log/audit/audit.log pamoja na lebo iliyokataliwa, na mara nyingi tatizo ni folda iliyohamishwa ikabaki na lebo ya zamani. Amri ya restorecon huirekebisha.