Mteja akisema "niko sawa", gusa nyayo zake

Mwezi Julai, Njiro, Arusha, saa nne asubuhi. Mlima Meru umejifunika mawingu na jua halijaonekana tangu juzi. Nimesimama pembeni ya kitanda nikimwangalia mwanafunzi wetu akimchua mgongo mama wa miaka sitini na kitu. Kijana amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka. Anauliza kwa adabu, "Mama, unasikia baridi?" Mama anajibu, "Hapana mwanangu, niko sawa tu." Lakini vidole vya miguu amevikunja, na vinyweleo vya mikono vimesimama. Nikagusa unyayo wake: baridi kama maji ya bomba alfajiri.

Kosa hili nalikuta kila kipupwe, na chanzo chake ni kwamba mchuaji anapima baridi kwa mwili wake mwenyewe. Yeye yuko kazini, damu inachemka. Mteja amelala kimya, amevua nguo, amepakwa mafuta, na misuli iliyotulia hutoa joto kidogo sana. Kumuuliza tu hakutoshi, maana tumelelewa kutomsumbua anayetuhudumia. Muulize swali lisilo na lawama ndani yake: "Mama, nikuongezee blanketi au hili linatosha?" Kisha gusa nyayo na vidole vya mikono, kwa sababu huko ndiko damu hupungua kwanza.

Baridi inaiharibu kazi yenyewe. Ngozi ikipoa, mishipa midogo ya damu hujibana ili joto lisipotee, na misuli hukaza. Kutetemeka ni misuli kujikunja na kujikunjua ili itengeneze joto. Kwa hiyo unachokilegeza kwa mkono, baridi inakifunga upya nyuma yako. Yule mama alikuwa amekuja kwa sababu ya mabega, na baada ya dakika ishirini mabega yalikuwa magumu kuliko alivyoingia.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15. Sakafu ya vigae na kuta za zege hubaki na ubaridi huo mpaka mchana. Aliyelala bila nguo anahitaji chumba cha nyuzi 24 hivi, kwa hiyo funga madirisha mapema na uanze kupasha chumba kabla mteja hajafika.

Hapa naomba tuelewane vizuri: usiingize jiko la mkaa chumbani. Usiingize hata makaa yakiwa yamekolea na moshi umekwisha. Makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na aliyelala akichuliwa atadhani ni raha ya masaji. Kama hita ya umeme haipo au umeme umekatika, tegemea blanketi na maji ya moto.

Anza na chini ya mteja. Watu hufunika juu wakasahau kwamba godoro la ngozi bandia linanyonya joto la mwili. Tandika blanketi, kisha shuka juu yake. Juu weka shuka na blanketi au shuka zito la Kimasai, ukifunua sehemu unayoichua tu. Ukimaliza mguu, ufunike kabla hujahamia mwingine. Kwa namna hiyo mteja anapata joto na stara kwa pamoja.

Mafuta nayo yana habari yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yakiganda kwenye chupa ujue chumba bado ni baridi. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, jaribu mafuta kwenye kifundo cha mkono wako, kisha uyapashe tena viganjani.

Chupa ya maji ya moto miguuni inasaidia sana, ila izungushie taulo na usiweke maji yaliyochemka. Mwenye kisukari kilichomwondolea hisia za miguu, au aliyepooza upande mmoja, usimwekee kabisa: ataungua bila kujua. Kwa wenzetu wa Moshi, ambako joto ni zaidi, mpandaji aliyeshuka Kilimanjaro na kifundo cha mguu kilichovimba asikandwe kwa joto siku hizo za mwanzo, uvimbe utaongezeka.

Mwisho wa kazi, futa mafuta kwa taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, ukaushe papo hapo. Mwache akae kitandani dakika chache akiwa na kanga mabegani, kwani presha huweza kushuka mtu akisimama ghafla baada ya kulala muda mrefu. Mpe chai ya tangawizi. Na kama anarudi Sakina kwa bodaboda, hakikisha amefunga koti mpaka shingoni kabla hajatoka mlangoni.