Kuku wa Cornish: dhana potofu na ukweli wake

Dhana inayopotosha wengi ni kwamba Cornish, mbegu ya kuku wa nyama kutoka Uingereza, ndiye broila. Mtu akiona kuku mweupe wa wiki sita aliyejaa kidari, anasema huyo ni Cornish halisi. Hapana. Broila ni chotara: upande wa madume kuna damu ya Cornish, upande wa majike kuna mbegu ya Plymouth Rock mweupe, kisha kampuni za vifaranga zimechagua mbegu hiyo kizazi baada ya kizazi. Marekani, shindano la kutafuta kuku bora wa nyama, Chicken of Tomorrow, lililofikia fainali mwaka 1948 ndilo lililoipa nguvu njia hiyo; Charles Vantress wa California alishinda kwa kuku aliyetokana na Cornish na mbegu ya New Hampshire. Kwa hiyo broila wa Kibaha au Kiambu ana damu ya Cornish, lakini ukimweka mbele ya mwamuzi wa maonyesho kama Cornish hapiti. Cornish halisi hukua polepole.

Wengine hudai ni kuku wa kupigana. Nia ya mwanzo ilikuwa hiyo kweli. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mnamo miaka ya 1820, Sir Walter Raleigh Gilbert alichanganya Aseel, kuku wa kupigana wa India, na majogoo wa kupigana wa Kiingereza. Damu ya kuku wa Malay nayo iliingia. Alitoka kuku mzito, mzembe ulingoni, mwenye nyama ya kupigiwa mfano. Ukali basi si kipimo cha ubora wake.

Halafu kuna rangi, na hapa ndipo kuku wazuri wanapochinjwa bure. Marekani waliikubali aina ya rangi nyeusi-nyekundu mwaka 1893, nyeupe 1898, nyekundu yenye pindo jeupe 1909. Zote ni Cornish kwa sababu ya umbo. Rangi inakuambia ni aina gani tu. Tetea wa ile ya kwanza ana manyoya ya hudhurungi yenye mistari miwili myeusi kwenye kila unyoya, mmoja ndani ya mwingine, na ni urembo wa kuvutia mno. Jogoo wake hana mistari hiyo; ni mweusi wa kung’aa kijani. Anayemtupa jogoo kwa kukosa mistari amemwonea.

Umbo lenyewe linahukumiwa kwa mkono kabla ya macho. Mshike: mwili uwe mgumu, mzito kuliko unavyoonekana, kwa kuwa manyoya yake ni mafupi na yamebana. Ngozi ikionekana kwenye mfupa wa kidari, usidhani ni ugonjwa. Mwangalie kutoka juu: mabega mapana, mwili ukichongoka kuelekea mkia mfupi ulioinama. Undu ni mdogo, umelala, una safu tatu. Miguu ni ya njano, minene, imeachana. Na tofauti na kuku wengi, tetea anatakiwa awe na umbo lile lile la jogoo. Tetea mwembamba hasamehewi kwa sababu ni jike.

Uzito? Kiwango cha Marekani ni takriban kilo 4.75 kwa jogoo na 3.6 kwa tetea. Mizani pekee haitoshi, maana mafuta nayo hupimika. Nyama ya kidari na mapaja ndiyo inayotafutwa. Mwache atembee. Magoti yakigongana au akiyumba, huyo ana kasoro hata kama mizani inamsifu.

Dhana ya mwisho ndiyo inayowagharimu wazalishaji: kwamba kadiri anavyokuwa mpana na mfupi ndivyo anavyokuwa bora. Jogoo mpana kupita kiasi hushindwa kumpanda tetea, na mayai, ambayo kwa mbegu hii ni machache tayari, yanatoka bila kurutubishwa. Ndiyo maana mfugaji makini hubakiza bandani jogoo mwenye miguu mirefu kidogo, mchangamfu, ingawa kwenye maonyesho huyo hatapata nafasi ya kwanza.