Mama ana baridi yabisi, na mimi nitaipata? Tuongee kuhusu jeni na ukali wa ugonjwa

Hili swali naulizwa sana, hasa na mabinti wanaoona vidole vya mama zao vinapinda mwaka hadi mwaka na wao wanajiona wapo kwenye foleni. Kwanza tuelewane, watu wengi wakiumwa goti tu wanasema ni baridi yabisi, ila hapa naongelea ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo, vinavimba, na usipotibiwa gegedu na mfupa vinalika.

Sasa jibu. Ndugu wa mgonjwa hatari yake iko juu kidogo kuliko ya mtu mwingine, hiyo ni kweli, lakini angalia mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile: mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni kama asilimia 15 tu. Yani wengi wao hawaugui kabisa pamoja na kuwa na jeni zilezile! Kwa hiyo binti usijihukumu.

Jeni yenye nguvu kuliko zote hapa inaitwa HLA-DRB1, iko kwenye kromosomu ya 6. Kazi yake ni kutengeneza protini ambayo ni kama mkono unaoshika vipande vya protini nyingine na kuzionyesha seli za kinga, hiki ni chetu, hiki ni cha adui. Jeni hii ina aina nyingi mno, na mwaka 1987 watafiti walitoa hoja kwamba zile aina zinazokutwa sana kwa wagonjwa zina kipande kimoja kidogo kinachofanana, asidi amino (yale matofali yanayojenga protini) ya 70 mpaka 74 hivi. Kipande hicho kinakaa palepale kwenye kushikia, ndo maana kinaleta shida.

Na hapa ndo pananivutia zaidi, manake aina inayobeba hicho kipande inabadilika kutegemea watu wa wapi. Aina hizi zinaitwa kwa namba: Ulaya ya kaskazini inayotawala ni 04:01, Japani na Korea ni 04:05, na kwa baadhi ya wenyeji wa asili wa Amerika ni 14:02, na huko kuna jamii kama ya watu wa kabila la Pima wa Arizona, Marekani, ambao tafiti za zamani ziliukuta ugonjwa kwa karibu asilimia 5 ya watu wazima wakati sehemu nyingi za dunia haufiki hata 1. Afrika kusini mwa Sahara hicho kipande ni adimu zaidi kwenye jamii nyingi, na wapo wagonjwa wengi wenye asili ya Afrika ambao hawana kabisa na bado wanaumwa vizuri tu. Kuna jeni nyingine, PTPN22, badiliko lake linaongeza hatari kwa Wazungu lakini kwa Waafrika na watu wa Asia ya mashariki karibu halipo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni cha kutabiri baridi yabisi, muulize kimetengenezwa kwa data za watu gani. Mimi binafsi sishauri kukilipia, watu wazima kibao wanazo hizo jeni na hawataumwa maisha yao yote.

Kwenye ukali wa ugonjwa, jeni inatuambia zaidi kidogo kuliko kwenye kutabiri nani ataugua. Mwenye nakala mbili za hicho kipande, moja ya baba moja ya mama, kwa wastani mifupa yake inalika zaidi na ugonjwa unaweza kutoka nje ya viungo, ukaenda kwenye mapafu au mishipa ya damu. Ndo hao pia ambao mara nyingi wana kingamwili za anti-CCP, yani zile zinazoshambulia protini za mwili wenyewe, ambazo zinaweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo hakijauma.

Halafu sigara. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2006 ulikuta mvutaji mwenye nakala mbili hatari yake ya kupata ugonjwa wenye hizo kingamwili ni mara 21 ya asiyevuta na asiye na nakala hata moja. Mara 21! Moshi unabadilisha protini kwenye mapafu, kinga inaziona ngeni, na yule mwenye mkono wa kuzishika vizuri ndo anaumia. Jeni huwezi kuibadili, sigara unaweza kuiacha.

Ila jamani ukali mwingi tunaouona unatokana na kuchelewa. Dawa kama methotreksati zikianza ndani ya miezi 3 ya dalili, viungo vingi vinaokolewa. Kwa hiyo ukiamka viungo vimekaza zaidi ya nusu saa, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na ukibanwa kwenye maungio ya vidole unaruka kwa maumivu, nenda kapime, na mwambie daktari kwamba kwenu kuna mgonjwa. Na kipimo cha damu kikitoka hasi wakati vidole bado vimevimba usikubali kuambiwa huna kitu, wapo wagonjwa wa kweli ambao damu yao haionyeshi hizo kingamwili, omba kuonwa na daktari bingwa wa viungo.