Nani hulipia gari la taka kijijini? Dhana potofu kuhusu fedha za urejelezaji mkoani Tabora

Dhana: Fedha za taka zinatoka Dodoma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Ruzuku ya Serikali Kuu huja na kazi zake: mishahara, madarasa, zahanati. Mafuta ya gari la taka, tairi na ujira wa vibarua hutegemea mapato ya ndani ya halmashauri. Muulize diwani wako taka zimetengewa kiasi gani kwenye mapato hayo mwaka huu, na robo iliyopita ni fedha ngapi zilizotoka. Kutengwa na kutoka ni mambo mawili.

Dhana: Chupa za plastiki zinajilipia zenyewe.

Hapa ndipo mipango mingi huanguka. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 mpaka 100. Zisipobanwa, mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 30 tu. Lori lenye bodi ya mita za ujazo 20 huondoka limejaa pomoni, na ukilipima unakuta kilo 600. Soko kubwa liko Dar es Salaam, na kwa reli Tabora iko kilomita 840 kutoka huko. Nauli inameza bei.

Skrepa, yaani vyuma chakavu, haina shida hiyo. Wanunuzi huifuata wenyewe mpaka kitongojini, ndiyo maana chuma hakikai jalalani. Halmashauri isipoteze shilingi kukusanya chuma. Fedha yake ibebe kile ambacho mnunuzi hawezi kukifuata.

Mashine ya kubana chupa hupunguza nauli, ila hununuliwa kwa fedha za maendeleo, halafu umeme, kamba za marobota na ujira wa wachambuzi havina kifungu kwenye bajeti. Inakaa stoo. Kabla ya kuinunua, piga hesabu ya safari moja: bei ya kilo kwa mnunuzi mara kilo zinazobebwa, toa mafuta, wapakiaji na kubana. Hesabu ikienda hasi, gawanya pengo hilo kwa idadi ya kilo. Jibu ndilo kiasi ambacho halmashauri italazimika kulipia kila kilo, na lazima lionekane kwenye bajeti. Kulificha hakulifuti.

Dhana: Ushuru wa tumbaku upo, kwa hiyo fedha hazikosi.

Wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge hutegemea sana ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Hulipwa na mnunuzi, na huingia kwa msimu, tumbaku inapouzwa. Taka hazina msimu. Mvua za Novemba hadi Aprili zinapoharibu barabara na uchafu kuoza haraka, mfuko nao umekauka. Halmashauri makini huweka pembeni mafuta ya miezi mitatu wakati ushuru unapoingia, kabla matumizi mengine hayajaugusa.

Dhana: Mtendaji anaweza kupanga tozo ya usafi.

Hawezi. Tozo inahitaji sheria ndogo. Ya kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ya wilaya hupita baraza la madiwani na huidhinishwa na waziri. Malipo yawe kwa namba ya malipo ya serikali au mashine ya POS yenye risiti. Mwananchi asiyepewa risiti ana haki ya kuuliza.

Dhana: Mkopo wa asilimia 10 ndiyo bajeti ya usafi.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba, na hurejeshwa. Kikundi kinachonunua guta bila mkataba wa huduma hubaki kikitegemea bei ya chupa, nasi tumeona chupa zinalipa nini. Kisajiliwe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma kwa mtandao, kwa sababu asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu. Mkataba ukilipa kwa kilo pekee, mchanga na maji vitaingia kwenye viroba. Ukilipa kwa safari pekee, guta litakuja nusu tupu. Changanya: malipo ya msingi kwa safari, nyongeza kwa kilo zilizopimwa baada ya kuchambua.

Dhana: Huduma ni gari kupita kila mlango.

Hata Marekani, kaunti nyingi za vijijini huweka vituo ambako watu hupeleka taka zao, kwa sababu nyumba ziko mbalimbali. Wilayani Uyui hali ni hiyohiyo. Weka kizimba gulioni, gari lipite baada ya siku ya gulio. Maganda na majani yabaki nyumbani yawe mboji. Makopo ya viuatilifu vya tumbaku yasuuzwe mara tatu, maji yamwagwe kwenye bomba la kupulizia, kisha makopo yatobolewe na yakae peke yake. Yakiingia kwenye chupa za maji, mnunuzi anaweza kukataa mzigo mzima, na nauli imeshalipwa.