Kabla hujakubali jina lako lipendekezwe kwenye kamati ya shule

Shule ya msingi ya serikali inasimamiwa kwa karibu na kamati ya shule, na sekondari ina bodi. Wajumbe wa bodi kwa kawaida huteuliwa, lakini kwenye kamati wazazi wana nafasi zao na huzijaza wenyewe kwa kura. Kwa mzazi wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa, mkoani Dodoma, hakuna chombo cha umma kilicho karibu naye kama hiki, na bado wengi huingia bila kujua wanaingia kufanya nini.

Uharibifu huanza siku ya uchaguzi. Mwalimu Mkuu anaitisha mkutano wa wazazi kwa barua anayobeba mtoto kwenye begi, majina yanatajwa papo hapo, mikono inanyooshwa. Anachaguliwa mwenye duka, au mwenye pikipiki, au ambaye hayupo na kwa hiyo hawezi kukataa. Vikao viwili vikipita, akidi haitimii tena, na karatasi zinaanza kusainiwa majumbani. Jambo jingine ni kwamba mara nyingi waliojaa mkutanoni ni akina mama, lakini majina yanayotajwa ni ya akina baba walioko kwingine. Mama aliyeacha shughuli zake akaja mkutanoni ana uwezekano mkubwa wa kuja kwenye kikao cha kamati pia, kwa hiyo mpendekezeni yeye.

Ukitaka kugombea, mwombe Mwalimu Mkuu mapema mkutano usiangukie siku ya mnada wala msimu wa jembe, Desemba hadi Februari, wakati watu wako mashambani tangu alfajiri. Siku yenyewe usihutubie. Sema mtoto wako yuko darasa la ngapi, siku gani una nafasi, na jambo moja utakalolifuatilia. Inatosha. Ahadi za kujenga bweni zinamfaa mgombea udiwani.

Jua pia mipaka. Ujumbe hauna mshahara. Mwalimu Mkuu ndiye katibu, na mwenyekiti hutoka miongoni mwa wajumbe wasio walimu. Mjumbe mmoja peke yake hana mamlaka yoyote, kwa sababu mamlaka ni ya kikao. Kamati haimhamishi mwalimu wala haimpi adhabu. Nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na malalamiko yenu mnayaandika na kuyapitisha kwa Afisa Elimu Kata. Mjumbe anayeingia darasani kumfokea mwalimu mbele ya watoto ameshaipotezea kamati nzima heshima.

Tuje kwenye fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka: 6,000 kwenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 600 inategemea shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe kabla ya kikao. Kilichoingia kikiwa pungufu, msikimbilie neno wizi. Ulizeni kwanza idadi iliyotumika kukokotoa ni ya mwaka gani, maana uandikishaji wa darasa la kwanza unaweza kuwa umeipita. Kisha wekeni mezani karatasi tatu kwa pamoja: taarifa ya benki, daftari la fedha, na hati za malipo zikiwa na risiti zake. Mstari wa kuutilia shaka ni ule ulioandikwa "ukarabati mdogo" bila kusema darasa gani, mlango upi, fundi nani. Mapato na matumizi yakishapitishwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali mzazi anaweza kusoma bila kuomba ruhusa ofisini.

Chakula ndicho kinachogombanisha watu kuliko yote. Elimu bila ada haijafuta wajibu wa mzazi kumlisha mwanawe, lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga, wala mwalimu hageuzwi mkusanyaji. Wazazi wakubaliane kwenye mkutano, na makubaliano yaandikwe. Kosa la kawaida Dodoma ni kuomba mahindi Januari shule zinapofunguliwa. Huku mvua ni za msimu mmoja, mavuno ni Mei na Juni. Januari ghala la nyumbani liko ukingoni na bei sokoni iko juu. Kusanyeni Juni na Julai, mtunze hadi mwaka unaofuata.

Kiasi mnakipata kwa hesabu. Mkikadiria makande ya gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kwa siku, kwa siku 194 za masomo anahitaji kilo 23 na ushee za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Pokeeni kwa mizani. Debe linapimwa kwa kujazwa, na kuna anayeleta lililofurika na anayeleta lililopungua kiganja, halafu ugomvi unahamia kwa mpishi. Anayeleta mtama au uwele apokelewe kwa kilo zilezile, uji upo. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta, na nafaka iwe imekauka sawasawa, kwani yenye unyevu huota kuvu na sumukuvu haitoki kwa kupika. Funguo za stoo ziwe mbili kwa watu wawili, na daftari la stoo lisainiwe kila siku chakula kinapotoka.

Ujenzi kwa force akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi, huja na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu hupenda ya manunuzi. Anayeilinda shule hasa ni yule wa mapokezi, kwa sababu ndiye anayesimama kwenye mkia wa lori. Aje na mizani, futi kamba na nakala ya oda. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 haifiki kilo 7.5. Kwa macho ya jioni zinafanana. Kwenye bati, namba ya geji ikipanda unene unapungua, hivyo geji 30 badala ya 28 ni bati jepesi litakaloezuliwa na upepo mapema. Saruji ihesabiwe mfuko kwa mfuko, na mfuko ulioganda urudi na lori hilohilo. Ukishasaini hati ya kupokelea mzigo, madai yako yote yameisha.

Mahitaji nayo yaandikwe kwa viwango. Choo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, kwa hiyo shule ya watoto 600, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 15 na 12. Darasa ni wanafunzi 45. Kikao kikiandika "vyoo havitoshi", ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri haina la kufanya na sentensi hiyo. Kikiandika "yapo matundu 9, yanahitajika 27, wananchi wamechimba shimo na kusomba mawe na mchanga", hapo pana ombi. Muhtasari utaje pia nani atafanya nini na kwa tarehe ipi, usainiwe na mwenyekiti na katibu, nakala iende kwa Afisa Elimu Kata na kwa serikali ya kijiji au mtaa.

Na uende mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini halmashauri huanza kupanga bajeti miezi mingi kabla, na kuanzia Aprili Bunge linakuwa limeshakaa hapo Dodoma mjini kuijadili. Mpango wa shule ukamilike kabla ya Novemba kwisha. Choo kilichotitia Machi kitafutieni fedha kwa njia nyingine: harambee yenye kibali, mfuko wa jimbo, au mafundi wa kijijini na fungu la ukarabati lililobaki.